Kinywa cha Mwanafunzi ni Mali ya Nani?

Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekolea juu ya uwanda wa Ufipa na ukungu ukishuka asubuhi kutoka milima ya Mbizi, wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza huingia madarasani Sumbawanga na masweta yaliyowazidi vimo. Mji ule uko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, baina ya ziwa Tanganyika na ziwa Rukwa, na baridi yake mtu wa Unguja hawezi kuikabili kwa kanzu moja. Katika wiki za mwanzo za somo la Kiingereza mwalimu huandika ubaoni herufi tano: a, e, i, o, u. Huzisoma, nao humfuata. Kisha hutamka sentensi ambayo imekwisha kutamkwa katika skuli za Tanzania mara zisizohesabika: irabu za Kiingereza ni tano.

Darasa hupumua. Tano hizo ni zile zile walizozichezea darasa la kwanza katika "ba, be, bi, bo, bu", na mtoto aliyedhani kuwa Kiingereza ni bahari hujikuta amekanyaga nchi kavu. Lakini sentensi ile ni kweli kwa herufi tu. Kwa sauti si kweli. Kiswahili, kilipovikwa herufi za Kilatini, kilifunga na mwandiko wake mkataba mwepesi: irabu moja, sauti moja, iwe mwanzoni mwa neno au mwishoni. Kiingereza hakina mkataba huo. Kwa lafudhi ya kusini mwa Uingereza, ambayo vitabu vya skuli huiegemea, lugha ile ina sauti za irabu zipatazo 20, nyingine za kutulia mahali pamoja na nyingine za kuteleza kutoka sauti hadi sauti, pamoja na konsonanti 24. Watu ishirini wamepewa nguo za watu watano. "Hat", "hut", "heart" na "hurt" ni maneno manne: kofia, kibanda, moyo na kuumiza. Katika sikio lililolelewa na Kiswahili yote huingia kwa mlango mmoja, mlango wa "a", na yakishaingia ndani hayatambulikani tena lipi ni lipi.

Haikuwa hivyo tangu azali. Zama za Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, Mwingereza aliyesoma neno "name" aliitamka "a" ndefu, karibu na ile ya "baada", na "e" ya mwisho ikisikika kwa uhafifu. Na neno "sheep" lilikuwa na "e" ndefu ya kweli. Zile "e" mbili ziliandikwa kwa kuwa zilisikika. Kisha irabu ndefu za Kiingereza zikahama, moja ikiisukuma nyingine, kwa muda wa karne mbili tatu, na katikati ya msafara huo William Caxton akaweka mtambo wa kupigia chapa huko Westminster mwaka 1476. Chapa iliugandisha mwandiko; vinywa vikaendelea na safari. Kwa hiyo mtoto wa Namanyere anayelisoma "name" kama asomavyo "kame" hakosei ovyo. Anasoma kama maandishi yanavyomwambia, na anasoma kwa namna iliyo karibu na ya Waingereza wa miaka 600 iliyopita. Amechelewa, hakupotea.

Basi je, mwalimu aliyesema "tano" amesema uongo? Swali hili ni la maadili kabla halijawa la sarufi. Mwenyewe atajitetea kwa huruma, na utetezi wake una uzito. Anao wanafunzi wengi katika chumba kimoja. Wengi wao wamelelewa kwa Kifipa nyumbani, au Kimambwe, au Kirungu. Wakasoma miaka saba kwa Kiswahili. Na sasa wanatakiwa waifahamu baiolojia na jiografia kwa lugha ya tatu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kufundishia katika ngazi zote, lakini nafasi hiyo ilibaki zaidi kwenye karatasi kuliko katika madarasa ya sekondari. Na kuna jambo jingine, ambalo mwalimu hatalisema kwa sauti: mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa maandishi. Hakuna mtahini anayekaa mbele ya mtoto wa Laela au wa Matai akamsikiliza anavyotamka. Anayezibana sauti ishirini zikawa tano hatashitakiwa na yeyote. Hapo ndipo swali linapokuwa gumu, maana deni lenye mdai hulipwa hata na mtu mbaya, ila deni lisilo na mdai hulipwa na dhamiri peke yake.

Deni hilo lina mwenyewe, ijapokuwa hajui kuwa anadai. Kwa wapenzi wa mashairi hasara yake ni bayana. Kina cha shairi la Kiingereza hukaa sikioni, hakikai katika herufi. Maneno "blood" na "mud" yana kina kimoja ingawa kwa macho hayafanani. "Home" na "come" yanafanana kwa macho na hayana kina kimoja. Kijana aliyefundishwa irabu tano atayapanga kinyumenyume: ataona vina pasipo na vina, na penye vina atapita kama kiziwi apitaye penye ngoma. Anaweza kufaulu mtihani wake kwa alama nzuri, akasoma mashairi ya lugha ile miaka na miaka, na asiwahi kuyasikia hata siku moja. Aliyemwonea huruma amemnyima, na amemnyima kimya kimya, bila ya mnyimwaji kufahamu kwamba kulikuwa na kitu cha kupewa.

Yuko mwalimu wa pili. Huyu ameapa kutoidanganya hesabu. Anajua kuwa ziko ishirini na anazitaka zote, leo, katika kinywa cha kila mtoto. Lugha nyingi za Kibantu hazitengi "l" na "r" kuwa sauti mbili; hubadilishana nafasi bila ya maana kudhurika. Mtoto anasimama kusoma sentensi juu ya wali, na wali, "rice", unatoka mdomoni ukiwa "lice", yaani chawa. Mwalimu anamwuliza, tangu lini watu wa kwao wanakula chawa? Darasa zima linacheka. Mtoto naye anacheka, kwa kuwa hana la kufanya jingine, anakaa, na huenda asisimame tena mpaka kidato cha nne. Kimya chake kitaandikwa katika ripoti ya skuli kuwa ni uzito wa kuelewa.

Kuna visa viwili vya kale, na vyote viwili vinahusu sauti zile zile mbili, "sh" na "s". Cha kwanza kimo katika kitabu cha Waamuzi, na wakristo wa Ufipa wanakijua. Watu wa Efraimu walishindwa vitani, wakataka kuuvuka mto Yordani warudi makwao. Adui zao walishika vivuko, wakamtaka kila anayevuka atamke neno moja linaloanzia kwa "sh". Aliyelianzia kwa "s" alichinjwa. Hesabu inayotajwa ni watu 42,000. Kisa cha pili husimuliwa na waislamu wa pwani katika barza na maulidi: kwamba Bilali, aliyekuwa na asili ya Uhabeshi, hakuiweza "shini" katika adhana, akaitamka "sini", watu wakalalamika, wakajibiwa kwamba sini ya Bilali mbele ya Mungu ni shini. Wanazuoni wa hadithi, akiwemo Ibn Kathir, wamesema kuwa kisa hiki hakina asili, na haifai kukinasibisha na Mtume. Hata hivyo kimeishi karne kwa karne katika vinywa vya watu wasio Waarabu, kutoka Bara Hindi hadi Afrika. Watu hawatungi kisa wasichokihitaji. Walihitaji kuwepo mahali pamoja duniani ambapo sauti iliyokosewa haimfukuzi mtu mlangoni.

Mwalimu wa pili anasimama kivukoni mwa Yordani. Kwa kweli hana upanga, lakini kazi yake ni ile ile: kuitumia sauti kujua nani wa kupita na nani wa kubaki. Ukatili wake hauko katika kusahihisha. Uko katika kutaka kinywa kitoe kile ambacho sikio bado halijakipokea. Ni vigumu mtu kutamka kwa kukusudia tofauti asiyoisikia. Kumpigia mtoto kelele kwa sababu ya "r" na "l" kabla hajazisikia kuwa ni mbili ni sawa na kumkaripia mtu kwa kutoona rangi ya kitu kilicho nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo sikio ndilo la kuanziwa, na kulifunza sikio hakumwaibishi mtu. Mwalimu husema maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu, "ship" na "sheep", mara hili mara lile, na wanafunzi, vinywa vimefungwa, huinua mkono wa kushoto kwa la kwanza na wa kulia kwa la pili. Siku za mwanzo mikono hupepea kama mashuke ya ulezi penye upepo, huku na huku. Baada ya wiki kadhaa huanza kuinuka upande mmoja. Hakuna aliyechekwa, kwa sababu hakuna aliyesema. Kisha zinakuja konsonanti, ambazo zina rehema ya kushikika: kiganja kikiwekwa kooni, "z" hutikisa na "s" haitikisi, "v" hutikisa na "f" haitikisi. Mtoto hupata elimu ya mwili wake mwenyewe, na elimu hiyo haina Uingereza wala Ufipa ndani yake. Koo ni koo. Na kwa "p" na "b" kuna ujanja wa karatasi: kipande chembamba hushikwa mbele ya midomo, neno "pin" hukipeperusha na "bin" hukiacha kimetulia, kwa kuwa "p" ya Kiingereza, ikianzia neno, hutoka na pumzi.

Karatasi ile inastahili kuletwa pwani. Bibi wa Mombasa hahitaji karatasi kujua kuwa "paa" la nyumba na "paa" wa mwituni si neno moja. La kwanza halina pumzi, la pili linayo. "Tembo" ya kunywewa na "tembo" mwenye mkonga vile vile, na kwa Kimvita safi huwezi kumchanganya mlevi na mwindaji. Mwandiko wa Kiswahili sanifu hauna alama ya pumzi hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, na tofauti hizi za kaskazini zikaachwa nje ya vitabu vya skuli. W. E. Taylor, mmishenari aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na kufanya kazi pamoja na Mwalimu Sikujua, alizisikia na akazitafutia alama. Waliokuja baada yake walipendelea wepesi. Watoto wa Mvita wakafundishwa skulini kuandika "paa" na "paa" kwa namna moja. Hasara hiyo wengi wa pwani wanaijua kwa uchungu, na washairi wa Mombasa hasa. Ni ajabu basi kwamba wanaolalamika kuwa sauti zao zilibanwa ndio hao hao wanaomcheka wa bara aliyezibana za wengine.

Na pwani ilianza kubana mapema zaidi. Kabla ya herufi za Kilatini tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi. Kiswahili kina irabu tano. Basi "i" na "e" zilikaa chini ya kasra moja, "u" na "o" juu ya dhumma moja, na "p" mara nyingi ilivaa nguo ya "b". Hivyo ndivyo zilivyosomwa nyaraka na tenzi za Pate na Lamu kwa muda wa karne. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2008, alijishughulisha sana kuupatia mwandiko huo alama za irabu zote tano, lakini kabla yake mababu walisoma na wakafahamiana. Walifahamianaje? Msomaji alijaza. Alipoona kasra alijiuliza neno gani linaingia hapa, akalitoa sawa, na hakumtukana mwandishi. Kazi ya kuelewa iligawanywa baina ya wawili.

Mtoto wa Sumbawanga anazitia sauti ishirini katika vyombo vitano kama mababu wa pwani walivyozitia tano katika vyombo vitatu. Anayemsikiliza anaweza kujaza kama wao walivyojaza, akitaka. Aghalabu hataki. Wageni wa Kizungu walipofika nyanda zile hawakuchekwa na mtu kwa masikio yao: ramani na vitabu vyao vililiandika ziwa Rukwa mara Rikwa, mara Likwa, mara Hikwa, na Joseph Thomson, aliyeliona mwaka 1880, aliyakwepa matamshi yote akalipa jina la mfalme wa Wabelgiji, Leopold. Yumkini kila mmoja aliandika kadiri sikio lake lilivyompa. Lakini aliyezaliwa kando ya ziwa hilo, akilitaja kwa "l" mahali pa "r" sokoni Darajani, atachekwa.

Na si "l" na "r" pekee. Anayesema "zambi" kwa dhambi, "samani" kwa thamani, "gali" kwa ghali, hujulikana mara moja kuwa ametoka bara, na kicheko cha pwani huwa na ladha ya ubwana. Waungwana husahau kwamba "dh", "th" na "gh" hizo zilikuja na maneno ya Kiarabu; kuna siku kinywa cha pwani nacho kilikuwa kigeni kwazo, kikakaa jamvini mbele ya mwalimu wa chuo, kikasahihishwa herufi kwa herufi. Hata katika kurasa za mashairi jambo hili hutokea. Shairi linaletwa kutoka bara, limetungwa kwa mizani isiyo na ila, na katika ubeti mmoja "kula" imefungwa kina pamoja na "kura". Mhariri hupiga mstari. Ana haki, kwa kuwa -la na -ra ni vina viwili kwa sikio la lugha ya mashairi. Ila mtunzi hakughushi. Kwa sikio lake kina kilikuwepo, kamili, na alikifunga kwa uaminifu. Kumwambia "hujui vina" ni kumsingizia. Ukweli ni kwamba hakuisikia tofauti, na hilo ni neno jingine kabisa.

Mwalimu wa chuo aliyetajwa hapo juu, pamoja na kiboko chake, alirithi elimu ambayo mwalimu wa Kiingereza angefaidika nayo. Sibawayhi, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 8, alizipanga herufi za Kiarabu kwa mahali zinapotokea, kutoka kooni hadi midomoni, akahesabu mahali 16. Yeye mwenyewe alikuwa Mwajemi. Inasimuliwa kwamba aliiendea sarufi baada ya kukosea mbele ya mwalimu wake wa hadithi na kusahihishwa hadharani, jambo linalowapendeza sana watetezi wa kuaibisha. Wasichokisema ni wangapi walioaibishwa siku hizo wakaondoka wasirudi tena na majina yao yasijulikane. Walimu wa tajwidi waliokuja baadaye waliligawa kosa la usomaji sehemu mbili. Lipo kosa la wazi, lahni jalii, linalobadilisha herufi au maana. Lipo kosa lililojificha, lahni khafii, ambalo ni upungufu wa uzuri, na aghalabu halitambuliwi ila na mwenye fani. Hukumu zao si moja. Na yako mafunzo yanayojulikana na kila mtoto wa chuo, kwamba asomaye Kurani kwa kukwama na kwa taabu ana malipo mawili. Dini iliyo kali sana juu ya matamshi ya kitabu chake imemwekea mwenye ulimi mzito fungu la ziada.

Mgawanyo huo ukipelekwa Sumbawanga unafaa kama ufunguo na kufuli. "Rice" ikiwa "lice", "pray" ikiwa "play", ni kosa la wazi. Mwalimu ana wajibu wa kulisahihisha, kwa subira, baada ya sikio kulipata. Lakini "t" iliyogusa meno badala ya ufizi, irabu iliyokuwa fupi mno, silabi zilizopewa uzito sawa kama za Kiswahili, mahali ambapo Mwingereza angezimeza nusu, hayo humjulisha msikilizaji kwamba msemaji amezaliwa Ufipa. Na amezaliwa Ufipa. Kosa liko wapi?

Hapa kuna pingamizi ambalo si la kupuuza. Watoto wa wenye mali husomea skuli za Kiingereza tangu utotoni na hupata yote, sikio na kinywa. Siku ya usaili wa kazi Dar es Salaam au Nairobi wataketi kiti kwa kiti na kijana wa Laela, na lafudhi yake itapimwa kabla ya maneno yake. Kumwachia alama ya kwao kwa jina la heshima, je, si kumwandalia kushindwa? Anayesema "kinywa chake ni chake" mara nyingi ni mtu ambaye cha kwake kimekwisha kunolewa. Pingamizi hili halijibiki kwa maneno mazuri. Linapunguza tu jeuri ya jibu lolote. Lililo wazi ni kwamba mwalimu hawezi kumwamulia mtoto upande wowote: hana ruhusa ya kumnyima sauti ya ishirini kwa kuwa ni ya kigeni, wala ya kumvua ya kwao kwa kuwa ni ya shamba. Anachoweza ni kuziweka zote mbele yake, zisikike, na anayetaka kuzichukua midomoni abaki baada ya kengele.

Masimulizi ya kale ya Ufipa, ambayo Roy Willis, Mwingereza aliyekaa nao katika miaka ya 1960, aliyaandika, yanasema kwamba wageni, nao wanawake, walifika Milansi chifu akiwa mawindoni, wakakikalia kigoda chake. Utawala ukawa wao na wa kizazi chao. Lakini Milansi yenyewe haikuchukuliwa. Ilibaki kwa wenyeji, na heshima ya ukongwe ikabaki nayo. Kiingereza kimekalia kigoda cha sekondari muda mrefu, na hakioneshi dalili ya kuinuka. Wafipa hawahitaji kuelezwa na mtu kutoka visiwani namna ya kukaa na mgeni aliyekalia kigoda.

Limebaki jambo la mwalimu mwenyewe, ambaye naye amezaliwa katika uwanda ule au ng'ambo ya bonde, amefundishwa irabu tano na aliyefundishwa irabu tano, na akitamka "ship" na "sheep" huenda yote yakatoka "ship". Atawafundishaje wengine tofauti asiyokuwa nayo? Simu ya mkononi siku hizi inaweza kumletea darasani sauti za watu wa London, wa Lagos na wa Nairobi kwa pamoja, na ni vyema asikilize pamoja na wanafunzi, mkono wake ukiinuka kushoto na kulia pamoja na yao, na ukikosea ukosee mbele yao. Kwa mtu aliyezoea kusimama na chaki, huo ni unyenyekevu mzito kuliko wowote.

Na kabla ya hapo anaweza kuuliza swali moja ambalo halimo katika mtaala: nani nyumbani kwao kuna sauti ambayo Kiswahili hakina? Wafipa watasema kwanza. Lugha yao ni ya toni. Sauti ikipanda au ikishuka neno huweza kuwa jingine, na elimu hiyo waliiacha mlangoni siku ya kuanza darasa la kwanza, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Kisha, nyuma kabisa, atainua mkono mtoto wa Kisukuma, ambaye wazee wake waliteremka na ng'ombe wao hadi bonde la ziwa Rukwa. Kisukuma kina irabu saba. Kina "i" mbili, moja imekazwa na moja imelegea, karibu kabisa na zile ambazo Kiingereza huzitenga katika "sheep" na "ship", na "u" mbili vile vile. Miaka saba ya Kiswahili hakuna aliyemwuliza habari zake. Atasema maneno mawili ya kwao. Wenzake watatazamana. Kwao yote mawili ni neno moja, na mwalimu naye, kalamu mkononi, hajasikia tofauti.

"Rudia," atamwambia. Na mtoto, taratibu, kwa subira, atarudia.